Tambi Zilizopigwa Pasi

Watu mmeibiwa simu, mmeibiwa viatu, wengine mmeibiwa hadi wachumba.

Mimi niliibiwa tambi mbichi.

Au ndivyo nilivyodhani saa tatu asubuhi, siku ya Jumapili, nikiwa nimesimama katikati ya ofisi yangu ya ushonaji nakodolea macho bomba la kutundikia nguo. Cherehani zote tano zipo. Majora ya vitambaa yapo. Mkasi mkubwa upo. Tambi hazipo, na henga yake haipo.

Nikajiuliza, mwizi gani huyu mwenye njaa na adabu kiasi hiki?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nikianzia hapo mtasema nimechanganyikiwa.

Mimi ni fundi wa kushona. Suti, magauni, sare za shule, leta kitambaa tu. Mke wangu ni muuguzi. Tuna mabinti wawili, mkubwa ana miaka tisa, mdogo mitano, na yule mdogo ana mdomo wa miaka arobaini.

Mke wangu alipata nafasi ya kwenda kusoma mbali, mwaka mzima. Nafasi yenyewe alikuwa ameiomba miaka sita. Siku barua ilipofika alilia, na mimi nikalia kumsindikiza.

Furaha ikakaa siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Baba watoto, hawa watoto watakula nini?"

"Watakula ninachokula mimi."

"Na wewe utakula nini?"

Katika miaka kumi na moja ya ndoa, mchango wangu jikoni ulikuwa ni swali moja: "Chakula bado?"

Mama mkwe yeye alikuwa na jibu lake tayari. Watoto wahamie kwake, upande wa pili wa mji, safari ya mabasi mawili. Wabadilishe shule, mimi niwe nakwenda kuwaona Jumapili kama mgeni.

Nasema ukweli, niliogopa. Nyumba ile bila kelele za wale watoto ni stoo yenye kitanda. Sikulala vizuri wiki nzima.

Mke wangu akanionea huruma. "Sikiliza. Jumapili mama anakuja kula mchana. Utapika wewe, peke yako. Mama akila akaridhika, watoto wanabaki."

"Nipike nini?"

"Kitu rahisi. Tambi za Kiitaliano. Siagi, jibini, pilipili manga, basi. Vitu vitatu. Unanunua pakiti, unachemsha, unachanganya."

"Pakiti?" nikauliza, kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

Mimi ndiye ninayewasimanga wateja kwa kununua nguo za dukani. Mimi ndiye nimeandika mlangoni kwangu, CHA DUKANI HAKIKUJUI. Leo nimlishe mama mkwe tambi za dukani?

"Baba watoto, nimesema pakiti."

"Niachie mimi."

Neno hilo "niachie" limeponza wanaume wengi kuliko pombe.

Nikaingia kwenye simu nikatafuta video. Nikampata mzee mmoja wa Kiitaliano, mikono minene, anakanda unga na mayai juu ya meza ya mbao. Anausukuma mpaka unakuwa shuka, kisha anakata vipande virefu na kuvitundika vikauke. Nikamwangalia mpaka mwisho. Nikasema kumbe huyu ni fundi mwenzangu, tumetofautiana kitambaa tu.

Jumamosi mchana mafundi wangu walipoondoka nikajifungia ofisini. Nyumbani hakuna pa kutundika hata soksi, lakini ofisini nina meza ya kukatia yenye urefu wa mita tatu. Nikaisugua kwa sabuni, nikatandika nailoni mpya, nikamwaga unga, nikavunja mayai kumi.

Nikakanda. Jamani, yule mzee anakanda kama anapapasa mtoto. Mimi nilitoka jasho mpaka kwenye magoti. Lakini unga ukakubali. Nikausukuma mpaka ukawa mwepesi kama bitana.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye uwanja wangu. Nikachukua rula, nikachukua tepu ya kupimia, nikachukua mkasi. Upana sentimita moja kasorobo, kila utambi. Nilipofika ukingoni nikajikuta nimeacha nafasi ya kukunjia pindo.

Nikazitundika kwenye henga pana niliyoitandika kitambaa cheupe, nikaipeleka upande wa kulia wa bomba, kwenye kazi zilizokamilika, maana huko kuna hewa. Zikaning'inia pale, za njano, zimenyooka, hakuna iliyozidi mwenzake. Nikaziangalia nikataka kujipigia makofi.

Halafu, kwa mazoea ya miaka ishirini, nikachukua tiketi nikaandika: MAMA MKWE. JUMAPILI. HARAKA. Nikaibana kwa pini. Nikaenda kulala nikiwa mshindi.

Asubuhi yake ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Bomba tupu.

Nilitafuta chini ya meza. Nikatafuta kwenye gunia la mabaki ya vitambaa. Nikampigia Mama Pasi.

Mama Pasi ni mama mtu mzima anayetunyooshea nguo. Kazi yake ni safi kuliko ya wote, ila macho yamechoka na miwani haitaki, anasema inamzeesha. Jumapili huja alfajiri na ufunguo wake, anamaliza kazi, anafunga, anaondoka. Simu yake haikupatikana. Simu ya Mama Pasi haijawahi kupatikana.

Nikasema basi, nimeibiwa, na wageni wanafika saa sita.

Nikakimbia dukani. Nikanunua pakiti tatu za tambi bapa, zile zinazofanana na zangu. Ndiyo, za dukani. Nilizificha ndani ya koti kama mtu aliyebeba bangi.

Nyumbani nikajifungia jikoni peke yangu. Pakiti ya kwanza nilichemsha vizuri. Nikayeyusha siagi, moto ukiwa juu, nikamwaga jibini lote kwa mpigo. Jibini likajikunja likawa bonge moja, na bonge likashika tambi zote. Nilinyanyua uma, sufuria nayo ikanyanyuka.

Nikarudi kwenye video. Kumbe moto unazimwa kwanza. Kumbe pia kikombe cha maji yaliyochemshia tambi kinahifadhiwa, ndiyo yanayolainisha mchuzi. Pakiti ya pili nikazima moto kama mtoto mwema, nikatafuta yale maji. Nilikuwa nimeyamwaga. Nikatia ya bomba. Ikawa supu, na jibini limezama chini.

Ikabaki pakiti ya tatu.

Nikachota maji ya tambi kwanza, nikaweka kando. Nikayeyusha siagi taratibu. Nikatia tambi, nikatia maji kidogo, nikazima moto. Jibini nimeshalikwangua laini, nikalinyunyiza kidogo kidogo huku natikisa sufuria. Likaanza kukubali. Likawa mchuzi mzito unaong'aa, umezivika tambi zote hakuna iliyobaki uchi. Nikatwanga pilipili manga, nikanyunyiza.

Nikaonja.

Nilikaa chini. Sijui niwaambieje. Vitu vitatu tu, jamani, na ladha imejaa mdomo mzima. Nikacheka peke yangu pale jikoni, nikajua watoto hawaondoki.

Makaratasi ya pakiti nikayafunga kwenye mfuko mweusi, nikaruka uzio, nikayatupa kwenye pipa la jirani.

Saa sita kamili mama mkwe akaingia. Ana mkoba mkubwa, na uso usioonyesha kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na njaa."

Nikapakua. Tukala. Mama mkwe akamaliza sahani, akaisogeza mbele, nikamwongeza. Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu siku ya harusi.

Kisha mama mkwe akauliza, taratibu kabisa, "Tambi hizi umenunua wapi?"

Mlango ulikuwa wazi pale. Ningesema dukani, mama, pakiti, yangekwisha.

"Kununua?" nikacheka. "Mama, mimi ni fundi. Nimekanda kwa mikono hii."

Mke wangu akaacha kutafuna.

"Kweli?" akasema mama mkwe. "Mayai mangapi?"

"Kumi."

"Umekatia nini?"

"Mkasi. Sentimita moja kasorobo, kila mmoja. Nimepima kwa tepu."

Kila neno lilikuwa kweli, sema lilikuwa linahusu tambi nyingine.

"Kwa hiyo hizi tulizokula ndizo ulizokata mwenyewe, kwa mkasi?"

"Hizi hizi, mama."

"Hukubakiza nyingine mahali?"

"Hata uzi mmoja."

Mama mkwe akafuta mdomo. Akavuta mkoba wake, akatoa kifurushi ndani ya nailoni safi, akakiweka mezani katikati ya sahani.

Tambi zangu.

Zimepigwa pasi. Zimelazwa pamoja na kile kitambaa cheupe, zimekunjwa mara nne kama shati la bwana harusi, zimebanwa kwa pini mbili. Juu yake tiketi, mwandiko wangu mwenyewe.

"Saa moja asubuhi nimegongewa mlango," akasema mama mkwe. "Mama wa pasi wa ofisini kwako. Si tunakaa mtaa mmoja? Kasema fundi ameagiza huu mzigo wangu ni wa haraka. Kasema nikuambie kitambaa hiki umetapeliwa, kinakatika hata kwa moto mdogo, imebidi akipake wanga."

Hapo ndipo nilipokumbuka ukuta wa ofisi yangu. Kuna karatasi pale, niliiandika mimi, kwa hasira, siku mteja aliporudishiwa suruali yenye makunyanzi. Inasema: KILICHO KULIA CHENYE TIKETI KIPIGWE PASI. CHA HARAKA KIPELEKWE KWA MTEJA. USIULIZE.

Mama Pasi hakuuliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka.

"Unajua nilipokifungua nilifanya nini?" mama mkwe akaendelea. "Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikasema, mwanamume anayekanda unga mwenyewe na kuukata sawasawa hivi ili watoto wake wasiondoke, basi wabaki naye. Hata chakula kikiungua. Nimetoka nyumbani nimeshaamua. Nilikuja kukupa pole tu."

Mnasikia hapo? Nilikuwa nimeshinda tangu saa moja asubuhi. Ningefungua mlango na sufuria tupu ningeshinda.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Machozi yalimlengalenga.

"Chakula ni kitamu," akasema. "Na pakiti nilikuambia mimi mwenyewe ununue, nani angekucheka? Lakini mwezi ujao niko mbali. Nitakupigia nikuulize, homa ya mtoto imeshuka? Nina sikio tu, macho sina huko. Utaniambia ilivyo, au utaniambia umekata kwa mkasi?"

Nimesimangwa na wateja, nimedaiwa nguo za harusi siku ya harusi, lakini hakuna neno limewahi kunichoma kama lile.

"Ni za dukani," nikasema. "Pakiti tatu. Mbili nimeziharibu."

"Makaratasi yako wapi?"

"Kwenye pipa la jirani."

Wakati wote huo yule mdogo alikuwa ameshachomoa utambi mmoja kwenye kifurushi na kuulamba.

"Baba," akatangaza, "hii ina ladha ya shati."

Mkubwa akacheka kwanza. Halafu mke wangu, akiwa bado na machozi. Mama mkwe pekee ndiye hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu zake kichwani.

"Sawa," akasema. "Watoto wasibadilishe shule. Watabaki hapa."

Nikashusha pumzi mpaka tumboni.

"Nahamia mimi."

Huu ni mwezi wa tano tangu mke wangu aondoke. Mama mkwe amechukua kichumba nilichokuwa nashonea usiku, cherehani yangu ya nyumbani iko kwenye korido. Kila jioni mke wangu anapiga simu, naweka spika, nakaa kwenye kiti kilekile. Nikisema watoto wamelala mapema, na hawakulala mapema, nasikia kikohozi cha mama mkwe nyuma yangu. Kikohozi kimoja tu. Narudia sentensi upya.

Jumapili napika tambi mimi. Za pakiti. Karatasi ya pakiti inakaa katikati ya meza, kama mgeni wa heshima, mpaka kila mtu amalize kula. Hiyo ni amri ya mama mkwe. Na nimekuwa mpishi kweli, watoto wanapigania kukwangua sufuria.

Juzi mke wangu aliniuliza homa ya mdogo. Nikamwambia bado iko juu, nimempa dawa, naogopa. Akasema, "Asante, baba watoto." Sikusikia kikohozi.

Ile karatasi ya ukutani nimeifuta mstari wa mwisho. Mama Pasi naye ameshaniuliza mara mbili kama kile kitambaa cha njano nimepata kingine kilicho imara.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni, iliishia mezani.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumpikia mtu Jumapili hii, zima moto kabla ya jibini, na maji ya tambi usimwage. Siagi, jibini, pilipili manga vinatosha. Sifa usitie.