Surua ya Wino Mwekundu

Hapa Bagamoyo nilikoolewa, mawifi zangu hupenda kuniuliza tulivyopona vita kule mpakani, wakitarajia habari za ushujaa. Mimi niliponea wino.

Nilikuwa na miaka saba wanajeshi wa nchi jirani walipouteka mji wetu. Baba, aliyekuwa mwalimu, alikuwa safarini. Askari waliingia nyumba hadi nyumba, wakibeba magodoro, mbuzi, hata milango. Mama akachukua wino mwekundu wa baba wa kusahihishia madaftari, akanitia madoa uso mzima, akaniagiza nikohoe.

“Karibu, afande,” alimwambia askari wa kwanza. “Ila mtoto ana surua.”

Yule mwenye bunduki alirudi nyuma kama aliyeona chatu. Kila asubuhi Mama aliyakoleza madoa, na hakuna aliyevuka kizingiti chetu.

Hatimaye jeshi letu likatukomboa. Tulikimbilia lori lao la kuwahamisha raia tukilia kwa furaha.

“Mama, huyo ana surua, hapandi,” askari wetu akasema.

“Ni wino, mwanangu!” Mama akanisugua shavu kwa kanga, lakini wino haukutoka.

Nami, kwa mazoea, nikakohoa.

Basi tukaufuata ukombozi kwa miguu, siku mbili, tukila vumbi lake.