Kaka Anapanda kutoka Mazinde

Baba alifariki kabla ya adhana ya alfajiri, na jua halijachomoza wazee walikuwa wamekwisha kuamua: tunazika baada ya alasiri. Hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye mdogo, na kwetu mdogo hupewa kazi, hapewi neno. Kazi niliyopewa ilikuwa moja tu, kumleta kaka.

Kaka anaishi Tanga. Nilimpigia simu, akalia, akasema anakuja. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayeshuka kaburini upande wa kichwa na kumpokea baba yake. Kiuno na miguu hushikwa na wengine, lakini kichwa ni cha mkubwa. Baba alimpokea babu hivyo hivyo, na alipenda kutusimulia, kila mara akimtazama kaka, si mimi. Kwa hiyo tangu asubuhi kila aliyeingia uani kwetu aliuliza jambo lile lile baada ya kutoa pole: mkubwa atawahi?

Karibu na adhuhuri simu ikaita. Barabara ya kupanda kutoka Mombo ilikuwa imefungwa. Mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha mlima, na magari yote yamesimama.

"Nimeshukia Mazinde," kaka akasema. "Napanda kwa miguu. Kwa njia ya Tate."

Tate ndiyo baba kwa Kishambaa. Mtandao ukakatika kabla sijamwambia kwamba njia anayoikumbuka haipo tena. Tulipokuwa wadogo baba aliteremka nayo na tenga la mapeasi kichwani, akauza Mazinde, na jioni yupo nyumbani anadai chai. Lakini katikati pale mvua za miaka mingi zimeila, genge la mlima limekatika, inabidi uzunguke mbali sana. Siku hizi wanaoijua vizuri ni mbuzi na wazungu.

Nikashindwa kukaa. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi migombani nyuma ya nyumba, wanawake wamejaa jikoni, na mimi naketi mkekani, nainuka, naenda njiani, narudi. Watu wananiambia subira huvuta heri. Nilitamani kumuuliza mmoja wao kama aliwahi kuvuta subira na maiti ya baba yake iko ndani.

"Tulia, wewe," baba mdogo akaniambia. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba, na hakupenda kurudia neno.

Sikutulia. Nilikwenda ukingoni.

Shamba letu linaishia mahali ambapo mlima nao unaishia. Ukisimama pale unaiona Mazinde yote chini, mabati yanamemeta, malori yanapita bila sauti. Wageni hupapenda. Hufika, husema "oo", hupiga picha na kuondoka. Sisi hatukupafanya mahali pa kutazama uzuri. Ni mahali pa kumtazamia mtu anayekuja.

Siku ile nilimkuta mzee mmoja wa kizungu, mrefu, kofia imembana, ana darubini shingoni. Alikuwa anatafuta ndege. Muongozaji wake alikuwa mtu wa Mlalo ninayemfahamu. Nikasema shikamoo kwa mazoea, na muongozaji akaitikia marahaba kwa niaba ya mzee wake. Siku nyingine ningecheka.

"Onga mshi," muongozaji akanisalimu kwa Kishambaa. "Mbona uko hivyo?"

Nikamweleza. Akavua kofia, akamweleza mzee. Yule mzee aliivua darubini shingoni mwake, akanivisha mimi, akanionyesha mahali pa kuzungusha ili nione.

Niliona lori. Niliona mkonge. Nikaifuata njia ikipanda, ikipotea vichakani, ikitokeza tena, na pale chini ya genge lililokatika nikaona shati jeupe. Kaka. Ameketi juu ya jiwe, amevua kiatu kimoja, anakitazama. Viatu vya mjini, vya kung'aa. Nilimwona mpaka upara wake, na sikujua kama alikuwa na upara.

Nikapaza sauti kama tunavyoitana huku kwetu toka mlima hadi mlima. Nikangoja. Sauti ilimfikia, kwa maana aliinuka, akatazama juu, lakini alitazama upande mwingine kabisa, huko ilikogonga mwamba na kurudi. Akavaa kiatu. Akaanza kupanda.

Njia ile niliwahi kuipanda tangu ikatike, na nilijua. Kutoka kwenye jiwe lile, hata ningekuwa mimi, alasiri ingenikuta njiani. Nikamrudishia mzee darubini yake kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyemweka kaka mbali. Afadhali nisingemwona.

Nikakimbia nyumbani, nikamkuta baba mdogo.

"Nimemwona! Anapanda. Tumngoje, baba, hata mpaka magharibi."

"Amefika wapi?"

"Chini ya genge."

Yeye naye alikulia kwenye njia ile. "Kaka yako atafika tu," akasema. "Anayecheleweshwa hapa ni baba yako."

Nilitaka kumjibu vibaya. Sikumjibu, maana alikuwa analia bila kujifuta.

Muongozaji na mzungu wake walikuwa wamekuja nyuma yangu, kwa sababu njia yao inapita uani kwetu. Walikuwa na safari ya kuendelea, lakini huku mpita njia akikuta maiti haijazikwa hapiti. Hutua mzigo, hukaa mpaka udongo urudi kaburini. Muongozaji alitua begi bila kuambiwa na mtu. Mzee naye akatua lake, akaketi majanini, magoti juu.

Wakati ukafika. Tukaswali, tukambeba baba hadi migombani.

"Shuka wewe," baba mdogo akaniambia. "Upande wa kichwa."

Nikashuka. Niseme kweli, nafasi ile niliitamani tangu utoto. Kila baba alipoisimulia nilijiona mimi nikiwa pale chini, mikono juu, nampokea. Sasa nimempokea, kichwa chake kimenilalia mikononi, kizito kuliko nilivyodhani, na masikio yangu yako njiani yanatafuta viatu vya mtu mwingine. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Tukaanza kufukia. Kwetu majembe ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo aliyechoka humpa jembe aliye nyuma yake, bila kugeuka, na mkono wowote ulio karibu hulipokea. Jirani yetu alichoka, akanyoosha jembe nyuma, na mkono uliolipokea ulikuwa wa yule mzungu. Watu wakatazamana. Mmoja akaguna.

"Mwacheni afukie," baba mdogo akasema. "Si amesimama nasi?"

Alifukia vibaya, kama mtu anayekoroga uji. Alipoona hivyo akaliacha jembe, akapiga magoti, akausukuma udongo kwa mikono. Dua ikasomwa. Baadaye tukaenda kwenye ndoo ya maji pembeni ya migomba, tukanawa kama ilivyo kawaida. Mzee hakuna aliyekumbuka kumwita, akabaki na udongo wake.

Kaka alitokeza jua likizama. Shati limekuwa jekundu kwa udongo, viatu kavishika mkononi. Wanaume wote tuliokuwa uani tukasimama. Nikamwendea, nikampa mikono yote miwili.

"Pole, kaka."

Akaishika. Akaigeuza, akaitazama viganja.

"Mmeshazika?"

"Tumeshazika."

Akaniachia. Nyuma yangu watu walikuwa wamejipanga kumpa pole, na yule mzee amejipanga nao, kwa vile aliona ndivyo tunavyofanya. Zamu yake ikafika. Akanyoosha mikono, akasema "pole", neno pekee alilofundishwa siku ile. Udongo mwekundu ulikuwa umemkaukia vidoleni na kujaa chini ya kucha.

Kaka akaitazama mikono ile kwa muda. Akaishika, akainama, akauweka uso wake ndani yake, akalia kwa sauti. Mzee hakuondoa mikono. Nami nilisimama pembeni na yangu, safi, nisijue niiweke wapi.