Njia ya Mwaka Mmoja Niliyomficha Maman Grâce

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiulizwa habari za diploma hunijia kwanza, kabla hata ya siku niliyoipata hiyo diploma yenyewe. Ilikuwa Jumanne mchana, na ile mvua ya Bruxelles isiyojua kunyesha wala kuacha. Nilikuwa nimekaa katika chumba cha kupumzikia wafanyakazi kwenye hospitali moja kule Jette, karatasi mbili ziko mezani mbele yangu. Nilikuwa kibarua wa kusukuma vitanda vya wagonjwa. Umri wangu ulikuwa miaka ishirini na tisa, na kiburi changu kilitosha wazee watatu.

Jumapili iliyopita uliniuliza baada ya misa, sahani ya sombe, kisamvu chetu, mkononi, kama kusoma miaka mitano chuo kikuu kunafaa au ni kuupoteza ujana. Nikakujibu kwamba sombe imezidi chumvi, nikaenda kutafuta koti langu. Haikuzidi chumvi. Nilikimbia tu, maana jibu langu lina watu ndani yake. Leo keti nikupe.

Karatasi ya kwanza ilitoka hospitalini palepale. Walikuwa tayari kunifundisha mwaka mmoja niwe msaidizi wa wauguzi, yaani kuwaosha wagonjwa, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Mwaka ukiisha, wanipe mkataba wa kudumu. Karatasi ya pili ilitoka chuo kikuu. Walikuwa wameitazama diploma yangu ya Lubumbashi wakaiona ni sawa na mwaka mmoja wa kwao, kwa hiyo iliyobaki minne niisome upya. Ndiyo, ile diploma ambayo baba yangu, mtu wa reli tangu ujana wake, aliitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yake mwenyewe. Pale mtaani kwetu Katuba hakuna aliyeniita kwa jina tena. Watoto, wauza makaa, hata padri, wote waliniita Licencié, yaani mwenye shahada. Jina hilo ni tamu, mwanangu, na lina ulevi wake.

Huko Katuba nilimwacha mke wangu, Maman Grâce, na binti yetu Grâce aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Ili niwalete huku, serikali ilitaka vitu viwili: mkataba wa kazi usio wa kubahatisha na nyumba ya kuwatosha. Sasa hesabu mwenyewe. Kwa karatasi ya kwanza, mwaka mmoja na miezi ya kungojea majibu. Kwa ya pili, Mungu ndiye ajuaye.

Nikiwa nimeinama hapo, akaingia Papa Kalenga. Alikuwa mzee wa Kamina, alikokuwa mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Hapa hospitalini alisukuma mikokoteni ya mashuka. Akaketi, akafuta miwani yake, akazisoma karatasi zote mbili polepole kama anayesahihisha mtihani. Kisha akaweka kidole juu ya ile ya hospitali.

"Bon. Ufanye hii, mutoto. Ulete bibi yako na mutoto. Kisha utasoma."

"Papa, mimi niko licencié. Niende kuosha bazee?"

Hakucheka. "Na mimi nilikuwa directeur. Leo nasukuma madrap. Lakini nikifika ku nyumba, Maman Kalenga iko. Ananipikia, tunagombana, tunasali, tunalala. Alors, nani alipoteza?" Akainuka taratibu, maana magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua. "Diplôme haina miguu. Itakungojea. Bibi, yeye iko na miguu. Na umuulize. Usichague peke yako mambo ya bantu batatu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tulifundishwa hivyo tangu kunyonya. Ila hakuna aliyenieleza kwamba guu laweza kuvunjika polepole, miaka saba, bila mtu kusikia mlio.

Jumamosi nilikwenda Matonge, mtaa wa watu wetu hapa Bruxelles, kwenye duka la simu, nikaingia kibanda cha mwisho. Nilijua vizuri nitakalosema. Maman Grâce akauliza, kama kila Jumamosi, "Dossier yetu, ile ya kuja huko, inafika wapi?"

"Iko inatembea," nikamjibu. "Lakini huku Bulaya mambo inakawia. Bazungu banaangalia kila kitu. Naanza masomo, nikimaliza itakuwa rahisi. Tuvumilie."

Akasema, "Ni Mungu tu." Kisha akamweka Grâce kwenye simu apumue.

Sikumwambia habari ya karatasi ya hospitali. Wala siku ile, wala Jumamosi iliyofuata. Sikudanganya hata neno moja, ukitaka kuwa wakili wangu. Kweli dossier ilikuwa inatembea, kweli Wazungu wanaangalia kila kitu. Nilinyamazia tu sentensi moja. Niliogopa kwamba nikimwambia angesema, "Osha hao wazee, tuje," na baada ya hapo nisingekuwa na mahali pa kujificha. Mvumilivu hula mbivu, nilimwambia mara nyingi. Methali ni mali yetu sote, lakini mwoga naye anazo.

Basi nikasoma. Asubuhi na mapema nasafisha maofisi, kisha darasani pamoja na watoto wa miaka kumi na tisa. Hawakuwa wabaya. Mchana walitelemka uwanja wa Flagey kunywa bia na kula frites, zile chipsi zao, wasinialike, nadhani kwa heshima, maana nilivaa tai. Nilikula mkate wangu kando ya ziwa dogo lililo karibu na pale, nikitazama akina baba wakisukuma vigari vya watoto. Nikafeli mwaka wa pili. Nikaurudia mara mbili. Nikafeli tena wa tatu, kwa somo moja tu, nikaurudia nao.

Usinielewe vibaya. Masomo niliyapenda. Iko siku profesa aliisoma kazi yangu mbele ya wote kama mfano, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, mwendo wa saa nzima na zaidi, kwa sababu furaha ile haikukaa ndani ya tramu. Nilipofika nilitafuta mtu wa kumweleza, nikakosa. Nikamweleza mama mmoja wa Kibelgiji niliyekutana naye kwenye ngazi. Akasema, "Vizuri sana, bwana," akaendelea na mfuko wake wa takataka.

Mwaka wa nne nilipanga nyumba Ganshoren, vyumba viwili, ili sharti moja liwe tayari. Nikanunua kitanda cha mtoto wa miaka mitano, nikakitandika. Grâce alipofikisha miaka minane nilikifungua misumari nikampa jirani. Hakijalaliwa hata siku moja. Kwenye simu naye alikuwa amebadilika. Zamani alinitajia vitu vyote alivyoviona barabarani. Sasa aliniambia, "Bonjour papa, masomo inaendelea?" kwa adabu, kama anayempokea mgeni wa parokia. Nilipokata simu nilikaa kitandani na viatu vyangu. Upweke ule sikuwa nimeletewa na mtu. Nilikuwa naujenga mwenyewe, mtihani baada ya mtihani, na kila niliyemweleza aliusifu.

Mwaka wa saba nikamaliza. Unajua desturi yetu: mtu akifaulu, ndugu humwagia poda kichwani mpaka uso unakuwa mweupe kama wa mzimu, anazungushwa mtaani huku kila mtu akipiga kelele. Siku ile nilitoka ukumbini na karatasi yangu, nikasimama kwenye ngazi. Wenzangu walikuwa wanakumbatiwa na mama zao, na mimi nilijifanya natafuta kitu mfukoni. Nikamwona Papa Kalenga anapanda ngazi, bado amevaa nguo za kazi, ameomba ruhusa ya saa moja. Akatoa kopo la poda ya watoto, akanimwagia yote.

"Félicitations, Licencié," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Ulimwambiaka bibi yako?"

Nikatikisa kichwa kukataa, poda ikaniingia machoni. Akanishika mkono kama mgonjwa tukaenda kwenye kituo cha tramu.

Kazi niliipata baada ya miezi michache, kazi nzuri, ya mezani, ambayo ninayo hadi leo. Nikapeleka makaratasi, yakakubaliwa. Wakati huo simu zilikuwa zimeanza kuonyesha sura. Nikampigia Maman Grâce, nikamwambia kila kitu kiko tayari, waje.

Nyuma yake niliona cherehani nne na wasichana wameinama wanashona. Alikuwa amefungua karakana, akiwafundisha mabinti wa mtaa, nami nilikuwa naijua kwa kuisikia tu. Akaniambia kwamba Marcelline, binti wa mjomba wake, amekuja Lubumbashi kwa likizo. Marcelline alifika Bruxelles miaka miwili baada yangu. Alisoma yale masomo ya mwaka mmoja kwenye hospitali ileile ya Jette, akaosha wazee, akamleta mume wake kabla mimi sijafika mwaka wa nne. Na katika kusimulia akashangaa: kwani Licencié si alipewa nafasi ileile, kabla yake?

"Ni kweli?" akauliza Maman Grâce.

"Ni kweli."

"Sept ans," akasema, "miaka saba nilikuwa nawaza ni Bazungu banatukatalia. Kumbe ni weye."

Hakulia, hakunitukana. Ningependa angenitukana. Akasema, "Sikukasirika. Nimechoka tu. Niko na maisha yangu hapa sasa. Grâce akikuwa mukubwa, akitaka, atakuja yeye mwenyewe." Akaaga kwa heshima, akarudi kwa wasichana wake. Grâce amekwisha kukua, na hajataka. Hunipigia siku ya kuzaliwa kwangu. Mimi nampenda kuliko pumzi yangu, na kwake mimi ni mtu anayetajwa tu.

Sasa nijibu swali lako, maana naona umeanza kuangalia saa. Je, diploma inafaa? Inafaa. Atakayekwambia haifai, mwangalie vizuri, huenda anayo tayari. Yangu imenipa kazi ya heshima, na imeniwezesha kuwasomea mikataba watu wetu ili wasitie sahihi wasichokielewa. Elimu ni bahari. Lakini baharini mtu haingii bila kuwaaga walio ufukoni.

Usiniulize, basi, kama miaka mitano ni mingi. Uliza ni ya nani. Ukiwa na mchumba Bukavu anayekungojea, au mama anayezeeka, au mtoto anayejifunza jina lako kwenye simu, miaka hiyo si yako peke yako, ni yao pia. Waketishe, hata kwa simu, uwawekee karatasi zote mezani, na ile inayokuaibisha iweke juu. Wakikwambia soma, tutangoja, nenda ukasome, na usiku na mchana ujue umebebwa. Wakikwambia hatuwezi, anza na njia fupi. Kazi mbaya si mchezo mwema, na hakuna mzee yeyote aliyeoshwa akamchafua aliyemwosha. Chuo hakitahama. Na kama umeshaficha kitu, kifichue wiki hii, kabla Marcelline wako hajaenda likizo. Mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa na diploma mbili na sikuielewa methali ya maneno matatu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe akili ya kufaulu na ujasiri wa kusema. Akuhifadhie walio wako wakati unasoma, wasikusahau sura, wasizoee kukukosa. Na jioni utakaporudi na hiyo karatasi yako, upige hodi, na awepo mtu ndani wa kukufungulia.