Nilivyoanguka Mferejini Siku ya Familia

Kama uliwahi kutumiwa ile video ya jamaa aliyevaa koti kama la harusi akitumbukia kwenye mfereji ndani ya jumba la maduka, nakuomba uifute, kwa sababu yule jamaa ni mimi, na yule mama mzee anayecheka mpaka mtandio unamwanguka simjui jina mpaka leo.

Nilikuwa soja, yaani mlinzi, kwenye ghorofa moja huko West Bay, Doha, nalala Industrial Area kwenye chumba cha vitanda vya juu na chini, na off yangu ilikuwa Ijumaa tu. Nyumbani Bungoma nilimwacha binti yangu Joy hajajua kutembea, na sasa alikuwa ameanza shule, na kila nikipiga simu nasikia mama yake anamwita, miguu inakimbia, mlango unabamizwa, halafu Mama Joy ananiambia mtoto amelala (saa kumi jioni, mtoto gani huyo). Simlaumu. Mimi kwake nilikuwa sauti ya kwenye simu inayouliza kama amekula. Basi wiki hiyo nikamtuma mama yake amwambie kwamba Ijumaa baba atapiga simu ya video akiwa kwenye mashua inayopita ndani ya nyumba, na Joy, kwa mara ya kwanza, akauliza ni saa ngapi.

Nyumba yenyewe ni hilo jumba la maduka, limejengwa mfano wa mji mmoja wa kale wa Italia, ule ambao watu wana mifereji badala ya barabara, na lina waifai ya bure. Nilikuwa nimelisikia tu. Odhiambo, tuliyelala chumba kimoja, akaniazima koti alilokuwa amenunua kwa ajili ya siku ya kurudi nyumbani. "Ukitinga hii, buda, hakuna mtu atakuuliza kitu," akasema.

Nikaulizwa. Ijumaa ilikuwa siku ya familia, mwanaume peke yake haingii, hasa wa kambi za wafanyakazi (koti lilikuwa safi, ni viatu vya kazi vilivyonisaliti). Soja wa mlangoni alikuwa Mkenya mwenzangu.

"Familia iko wapi, brathe?"

"Iko Bungoma."

Hakucheka. Akaniambia polepole kwamba na yeye analinda kazi yake, na mimi sikubishana, maana hayo maneno nimewaambia watu wengi.

Nageuka kwenda zangu, namwona hajja mmoja Msudani kwenye kiti cha magurudumu, ameachwa chini ya mteremko wa mlango wa pili, mwanawe ameenda kuegesha gari na mkaza mwana keshaingia ndani akiwakimbiza watoto. Nikamsukuma. Nilitaka kumsaidia tu apande pale, lakini mlango ukafunguka, soja wa hapo akatupisha, yeye akidhani mimi ni dereva wa hajja, na hajja akidhani mimi ni mfanyakazi wa jumba, na mimi nikawaacha wadhani hivyo.

"Yalla, twende," akasema hajja, na nikaendelea.

Tukazunguka mtaa baada ya mtaa, mtaa wa vito, mtaa wa mikahawa, kiwanja chenye chemchemi, madaraja madogo ya mawe, na juu darini wamechora anga la mchana lenye mawingu yasiyosogea. Hajja alikuwa amewahi kwenda kwenye mji wenyewe na marehemu mumewe, akanieleza kwa Kiarabu cha polepole kwamba huko mitaa ya ndani ina kamba za nguo kutoka dirisha hadi dirisha, maji yananuka, na usiku unamsikia jirani akikohoa ng'ambo. Nikatazama juu. Madirisha hayahesabiki na hakuna hata soksi moja iliyoanikwa. Tangu nifike Doha sikuwa nimeongea na mtu kwa muda mrefu namna hiyo, ukiacha habari za zamu, na nilisikia raha kiasi cha kusahau kwamba nimemwiba mama wa watu.

Tulipofika kwenye mashua hajja akataka kupanda. Mimi na mpiga kasia, kijana Mfilipino, tukambeba, tukaketi, nikapiga simu. Joy akatokea, uso umejaa kioo kizima, na pengo la jino ambalo hakuna aliyeniambia kuwa limeng'oka. Nikazungusha simu aone madaraja. Hakuyataka.

"Nataka kukuona wewe," akasema. "Simama."

Sasa niambie, ungefanyaje? Mpiga kasia alikuwa ametuonya tusisimame, lakini mtoto huyu hajawahi kuniomba kitu maishani. Nikampa hajja simu aishike, nikasimama, nikafunga vifungo vya koti (kiburi nacho), nikapunga mkono wa kulia, wa kushoto, mashua ikainama, nikaenda. Maji yenyewe yalinifika kiunoni, kwa hiyo hata kuzama kwa heshima sikuweza. Watu wakatoa simu. Na juu ya daraja akatokea mwanawe hajja, amelizunguka jumba lote na masoja akimtafuta mamake, akauliza kwa sauti huyu mtu ni nani.

Hajja akafuta machozi ya kicheko. "Simjui," akasema, "lakini anasukuma vizuri."

Nilitolewa kwa mlango wa mizigo na yule yule Mkenya, viatu vinalia chwa-chwa, na hakuniandikia ripoti. Aliponikabidhi simu aliyoichukua kwa hajja, Joy alikuwa bado yupo, anacheka mpaka anakosa pumzi, anamwita mama yake aje aone, baba ameanguka, baba ameanguka. Nilisimama pale kwenye jua nikidondosha maji, nikimsikiliza akiniita baba. Koti la Odhiambo lilirudi Kenya limefupika mikono, na mwenyewe hadi leo akiniona huivuta ile mikono kwanza ndipo anisalimie.

Nimeapa sitasimama tena kwenye mashua, na sitamsukuma mama wa mtu bila kuulizana. Ijumaa iliyofuata nilipiga simu nikiwa kitandani, nimeshusha pazia. Mlango haukubamizwa. Joy alikuja mbio mwenyewe, akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Leo huanguki?"

Nikamwambia leo sianguki, leo nataka tu kujua kama amekula. Akafikiri kidogo, akamrudishia mama yake simu.