Baridi ya Bi Savita

Sisi tuliokulia Queensbury, London, kabla ya simu kujua kila kitu, baridi tuliipima wenyewe. Mama, mzaliwa wa Mombasa, kipimo chake kilikuwa mkebe wa mafuta ya nazi juu ya kabati la jikoni. Kuganda tu hakukuwa habari, maana London mafuta ya nazi huganda tangu vuli. Alichoangalia ni ugumu. Kidole kikizama, twende shule na sweta moja. Kikihitajika kijiko, sweta mbili na soksi juu ya soksi. Kijiko kikianza kupinda, magodoro yote yanahamia chumba kimoja, na mimi na mdogo wangu Hamadi tunalala tumebanana kama mahamri kwenye karai.

Tulikuwa na vipimo vyetu pia. Barafu ikishika upande wa ndani wa dirisha, tuliandika majina kwa kucha. Njiani tulikanyaga madimbwi yaliyoganda kwa kisigino: dimbwi likipasuka, baridi ya kawaida, likikataa, tulifika shule tumechelewa kwa sababu ya kuteleza. Watoto wa leo wanapelekwa kwa gari wamevaa makoti ya kupandia milima, na bado wanalalamika kwamba kiti cha gari kimechelewa kupata moto.

Chini yetu, kwenye nyumba ile ile, aliishi Bi Savita, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kuuza vitambaa huko hadi alipohamia Uingereza. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi na cha haraka, na hakuna lugha aliyoipenda zaidi kugombana kwayo. Kila majira ya baridi yeye na mama walibishana ngazini.

"Bi Savita, washa hita. Baridi imekuwa kali."

"Hapana kali, Mama Rukia. Hii baridi mtoto. Mimi naona baridi baba yake."

Yeye alipima kwa magoti. Magoti yakiuma, mvua. Yakilia, theluji. Hita, alisema, ni ya baridi ya kweli, na baridi ya kweli haikufika hata mwaka mmoja. Sisi watoto tulicheka, kisha tukateremka kwake kula chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa dengu na karanga, na kunywa chai yenye tangawizi ya kuwasha koo.

Mwaka niliokuwa darasa la mwisho la msingi, mabomba ya shule yaliganda tukarudishwa nyumbani. Mama alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akatukuta kituo cha basi. Tulipofika getini akasimama ghafla, anaangalia dirisha la jiko la Bi Savita. Kioo kilikuwa kikavu. Kila siku saa hizo kilikuwa kimejaa mvuke wa chai, huoni hata pazia.

"Hajapika," mama akasema, akaenda kugonga.

Tulingoja sana. Mlango ulipofunguka, Bi Savita alikuwa amesimama bila shali, miguu mitupu, nywele hazijafungwa. Sijawahi kumwona hivyo. Alitutazama kama watu anaojaribu kuwakumbuka.

"Leo hapana baridi," akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Leo joto kidogo."

Nilifurahi, nikadhani anatania. Mama hakucheka. Aliingiza mkono chini ya sweta la bibi, akagusa mgongo, akautoa upesi.

"Hatetemeki," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anayetetemeka mwili wake bado unapigana, Rukia. Huyu ameacha. Piga simu ya ambulensi, Kiingereza chako ni chepesi kuliko changu. Hamadi, lete mablanketi yote."

Nilipiga, nikataja mtaa huku meno yangu yanagongana, si kwa baridi. Niliporudi nilianza kumsugua Bi Savita mikono, kama tulivyosuguana sisi uwanjani. Mama akanizuia.

"Usimsugue. Mkumbatie tu. Mpe joto lako pole pole."

Nikaingia ndani ya blanketi, nikamkumbatia kifuani. Alinuka bizari na sabuni. Alikuwa baridi kama sakafu, na mdogo kuliko nilivyodhani, na niliogopa kwamba nikilegeza mikono atakwenda. Baada ya muda nikahisi kitu kinatikisika ndani yake, kidogo, kisha zaidi. Alikuwa ameanza kutetemeka. Mama akageuza uso ukutani akasema alhamdulillah, ambulensi ikapiga breki nje.

Alilazwa, akapona. Tulipokwenda kumwona, mama alimuuliza kwa nini hita haikuwashwa wiki nzima, na safari hii hakubisha. Alisema hivi, anaangalia shuka: "Mtu moja tu. Nyumba nzima kupasha kwa mtu moja, naona aibu."

Bi Savita aliporuhusiwa, mama alimpandisha ngazi moja kwa moja hadi kwetu, akampa kitanda changu, na mimi nikarudi kubanana na Hamadi. Alikaa nasi mpaka miti ilipochanua, akitukosoa chai, akitufundisha karata, akigombana na mama kuhusu chumvi. Majira ya baridi yaliyofuata hakungoja kuitwa. Alipanda na mto wake mwenyewe.

Sasa ninaishi Lewisham, kwenye fleti mpya yenye joto hata bafuni. Binti yangu haangalii nje wala hagusi kioo. Namuuliza kwa Kiswahili kama kuna baridi, ananisomea nyuzi za joto kwenye simu kwa Kiingereza, pamoja na zile ambazo mwili utahisi, kana kwamba mwili hauwezi kujihisia wenyewe.

Juzi baridi iliposhika nilimgongea jirani wa mlango wa pili, ambaye sikujua hata jina lake. Kijana alifungua, visikizio masikioni. Nikamwambia nimekuja kujua kama ana joto ndani. Alivua visikizio, akasema kwa upole kwamba tangu ahamie hapo, hakuna mtu aliyewahi kugonga ila wa kuleta vifurushi. Tukabaki mlangoni tukitabasamu, kila mmoja akitafuta neno linalofuata. Enzi zetu neno hilo, karibu, halikutafutwa. Ungekuwa umeshaketi zamani, kikombe mkononi, unagombezwa kwa kukaa karibu na mlango.