Jeneza la Kukodi

Mchezo wetu wa nyimbo ulikuwa wa zama za masultani, na ndani yake mlikuwa na maziko. Majoho, vilemba na jeneza tulivikodi kwa seremala mmoja wa Mpendae anayekodisha vifaa vya jukwaani. Gari lilituacha barabarani, maana kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe halipiti. Tukazitia nguo ndani ya jeneza, tukalifunika shuka ya kijani zisiingie vumbi, tukalibeba mabegani watu wanne.

Tulipofika penye baraza ya kahawa, wazee wote walisimama. Mmoja wao alikuja mbio, akanipokea, akalitia begani mwake huku akisema, "Lailaha illallah." Wengine wakamfuata. Mwenye duka akafunga mlango, akaungana nao. Mimi nilipigwa na butwaa. Nikawa natembea nyuma ya nguo za kukodi kama mfiwa.

"Nani huyu aliyetutoka?" yule mzee aliyenipokea aliniuliza kwa upole.

"Si mtu, babu. Ni nguo za mchezo."

Alisimama. Akafunua pembe ya shuka, akaona joho jekundu lenye nyuzi za dhahabu. Nilingoja anitukane, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mimi nshamwombea dua," alisema.

Wakaliteremsha jeneza chini taratibu, kama vile mna mtu kweli, wakarudi barazani. Siku ile ile tuliyaondoa maziko mchezoni, wala hakuna mwenzetu aliyebisha.