Nduru ya Dakika ya Tatu

Kwanza tuelewane: Nanyama si mwongo. Anauza nguo za mitumba pale Kanduyi, mwaka wa thelathini sasa, na suruali ikiwa na tundu mfukoni yeye mwenyewe hukuonyesha kabla hujauliza bei. Mtu wa namna hiyo akikwambia "ile nduru ni yangu", basi ni yake.

Nduru yenyewe iko katika "Barabara ya Endebess", wimbo wa roki uliorekodiwa Kitale mwaka wa 1981. Gitaa linanguruma, ngoma zinapigwa kama mtu anabomoa mlango, halafu dakika ya tatu vyote vinanyamaza na msichana mmoja anapiga nduru kali, inapanda, inapanda, inakatika. Wapenzi wa roki wa huku kwetu, wale wachache ambao watu wa kanisani huwaombea, wameiabudu nduru hiyo miaka zaidi ya arobaini. Juu ya jalada la santuri kuna jina moja tu, Wepukhulu, mwenye bendi. Wepukhulu alishakufa. Waitikiaji hawakuandikwa.

Sasa mwaka huu vijana wa Kitale wameurudia wimbo huo. Anaimba kijana mmoja anaitwa Ian, na nduru imepigwa na msichana aliyesomea muziki. Redioni ukawa ubishi wa wiki nzima: wa zamani au mpya? Kila aliyepiga simu alijua siri ya ile nduru. Mmoja alisema ni kilio cha mapenzi, mwingine akasema ni kilio cha nchi. Nanyama naye alipiga mara nne. Mara tatu laini ilikuwa bize, na ya nne akaambiwa, "Asante mama, tuwapatie na wengine nafasi." Hakutaka senti ya mtu. Alitaka jina lake litajwe mara moja tu akiwa bado hai, wajukuu wake wasikie.

Ndiyo maana wale wapenzi wa roki walipotangaza kwamba watakutana Jumamosi mchana katika hoteli moja hapo hapo Kanduyi kumaliza ubishi, alifunika nguo zake kwa turubai, akafunga kitambaa chake cha Jumapili, akaenda.

Walikuwa kama ishirini. Mwenyekiti wao alikuwa Sifuna, mwalimu mstaafu, na upande wa wimbo mpya aliongea Phanice, msichana mwenye fulana nyeusi aliyetoka Kitale.

"Huyu wetu wa nduru anaimba safi," Phanice alisema. "Sauti haikwaruzi. Si hiyo ndiyo watu wanataka?"

"Usafi ni wa vyombo," Sifuna akamjibu. "Yule wa zamani alikuwa anahisi kitu. Uchungu haufundishwi darasani, bana."

Nanyama akainua mkono. "Mwalimu, huyo wa zamani ni mimi."

Wakamtazama kwa ile heshima ya kumtazama mama aliyekosea mlango.

"Karibu mama," Sifuna akasema. "Basi tuambie, ulikuwa unahisi nini?"

Hapo angeweza kudanganya, na angepewa kiti cha mbele na chai. Lakini nimeshakwambia ni mtu wa namna gani.

"Nilikuwa nahisi stima," akasema.

Chumba kizima kikacheka. Akaendelea hivyo hivyo. Siku ile ya kurekodi viatu vilikuwa vya kuazima, vikambana, akavivua. Sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi, haijakauka. Akashika maikrofoni, stima ikamrusha. "Haikuwa ndani ya wimbo. Wepukhulu akasema tepu ni ghali, wacha ikae. Akaninunulia soda."

"Soda gani?" mtu akauliza huko nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Aisifuye mvua imemnyea, wanasema. Hawa haikuwahi kuwadondokea hata tone, wanaisifu, na aliyelowa chapachapa yuko mbele yao wanamcheka.

Sifuna hakucheka. "Mama, baba yangu alipokufa nilisikiza huo wimbo mwezi mzima. Sasa unaniambia ati nililia na mtu aliyeshikwa na stima?"

"Mimi nakuambia vile ilikuwa."

"Si apige basi, tusikie," Phanice akasema, na ilikuwa haki yake kusema.

Nanyama akasimama, akavuta pumzi, akapiga. Miaka thelathini ya kuita wateja kwenye vumbi la Kanduyi ilikuwa imeimaliza ile sauti. Kilichotoka kilikwaruza, kikaishia njiani. Hakuna aliyecheka safari hii, na hilo lilimuuma zaidi. Phanice akamsogezea kiti. "Kaa, mama, usijichoshe."

Wakapiga kura. Wimbo wa zamani ukashinda kwa mbali sana, na sababu ilikuwa nduru. Sifuna akavua kofia.

"Kabla ya chai," akasema, "tusimame dakika moja tumkumbuke yule msichana. Jina lake hatujui. Na vile miaka imeenda, nafikiri naye alishatuacha."

Viti vikakwaruza sakafu. Wote wakasimama, wakainamisha vichwa, wengine wamefumba macho. Nanyama peke yake alibaki amekaa, mkoba magotini, koo likimuuma. Phanice akamgusa bega taratibu, akamnong'oneza kwa adabu yote aliyofunzwa kwao.

"Simama, mama. Tunaheshimu marehemu."